Kutoka Sinsheim hadi Mojave: injini ya ndege ya kasi ikae wapi?

Treni inayopita Sinsheim, kusini-magharibi mwa Ujerumani, inasimama jirani kabisa na makumbusho ya ufundi, na kabla hujashuka tayari unaziona: Concorde na Tupolev Tu-144, ndege za abiria zilizoruka kwa kasi kuliko sauti, zikiwa juu ya paa, pua zimeinuliwa kana kwamba zinapaa. Wageni wengi hukimbilia ndani kuangalia viti na vyumba vya marubani. Nashauri uanzie chini, tumboni, maana habari ya kelele za ndege hizi, na ya mahali injini inapokaa, iko huko.

Concorde imebeba injini 4 za Olympus 593 chini ya mabawa, mbili mbili kila upande, ndani ya makasha marefu yenye midomo ya pembe nne ya kuingizia hewa. Hewa inayopita chini ya bawa imekwisha kubanwa na kupunguzwa kasi kidogo na bawa lenyewe, hivyo inafika mdomoni ikiwa imetulia. Ndani kuna vibao vinavyopanda na kushuka ili kuipunguza kutoka Mach 2, yaani mara mbili ya kasi ya sauti, hadi takriban Mach 0.5 kabla haijafika kwenye kompresa, sehemu ya injini inayobana hewa. Kwa injini, hapo ni mahali pazuri sana. Kwa aliye ardhini ni pabaya: kila ukingo wa mdomo unazaa wimbi la mshtuko, yaani mbano wa ghafla wa hewa unaosikika kama kishindo, na kati ya wimbi hilo na paa la nyumba yake hakuna kizuizi chochote.

Ndege inayopita kasi ya sauti hutoa mawimbi mengi: ya pua, ya bawa, ya injini, ya mkia. Yaliyo na nguvu husafiri haraka zaidi na kuyakuta mengine njiani. Yakifika chini yamekwisha kuungana yakawa mawili makubwa, moja la mbele na moja la nyuma, ndiyo maana watu husikia vishindo viwili vinavyofuatana. Concorde ikiwa Mach 2, kwenye kimo cha karibu kilomita 16, iliongeza shinikizo la hewa ardhini kwa takriban paskali 93. Marekani ilipiga marufuku safari za kiraia za namna hiyo juu ya nchi kavu mwaka 1973.

Tu-144 ya hapo ni ya aina ya D. Injini zake pia ziko chini, na magurudumu makuu hukunjwa ndani ya makasha hayo hayo, kwa hiyo makasha ni manene na marefu. Unene wa ghafla ndio adui: ukikata ndege vipande vipande kuanzia puani hadi mkiani, ukubwa wa vipande unatakiwa uongezeke na kupungua polepole, pamoja na mchango wa nguvu inayoinua ndege. Kasha la injini ni nundu kwenye hesabu hiyo. Ukilisogeza mbele au nyuma, umbo la wimbi zima linabadilika.

Kutoka Los Angeles barabara namba 14 inapanda hadi Palmdale, jangwani. Kando ya kiwanda cha jeshi la anga, Plant 42, kuna uwanja wa maonyesho wenye SR-71 na A-12, ndege za kijasusi. Injini zimo katikati ya kila bawa, mbali na bodi, yaani kiwiliwili cha ndege. Wimbi la mdomoni likitoka mahali pake, injini ya upande mmoja ilipoteza msukumo ghafla na ndege ikavutwa upande kwa nguvu ya kutisha. Anayefikiria kupanga injini pembeni azitazame kwa makini.

Ng'ambo ya uzio ndiko ilikoundwa X-59, ndege ya majaribio ya NASA, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 28 Oktoba 2025. Ina urefu wa mita 30.4, upana wa mita 9 tu, na injini moja ya F414 iliyokaa mgongoni, nyuma ya chumba cha rubani. Mawimbi ya mdomo wa injini yanaelekea juu, na bawa na bodi vinayakinga yasishuke. Tumbo limeachwa laini. Lengo ni mgoto wa desibeli 75 kwa kipimo cha namna sikio linavyohisi ukali, dhidi ya karibu 105 za Concorde.

Naamini mgongoni ndipo mahali sahihi, lakini gharama yake lazima ijulikane. Juu ya mgongo hewa huongeza kasi badala ya kupungua, kwa hiyo wimbi la mdomoni linakuwa kali na shinikizo linapotea. Hewa iliyotambaa juu ya bodi mita nyingi imechoka, yaani imepoteza kasi na nguvu. Ikiingia, mapanga ya kompresa yanapita kwenye eneo la hewa dhaifu kila mzunguko, hadi hewa inageuka na kurudi nyuma kwa kishindo. Dawa ni kuinua mdomo kidogo juu ya ngozi ya ndege, na kupanga vipezi vidogo mbele yake vinavyochota hewa yenye kasi na kuichanganya na ile iliyochoka. Majaribio yafanyike pua ikiwa imeinuka sana na ndege ikienda kiupandeupande, kwani hapo ndipo vimbunga vya pua na kioo huingia mdomoni.

Kuna pia mstari wa msukumo. Injini ikiwa juu ya kitovu cha uzito, ukiongeza nguvu pua inainama, na mkia lazima ulipe.

Mbele zaidi kwenye barabara hiyo hiyo ni Mojave, ambako XB-1, ndege ya majaribio yenye injini 3 za J85, ilivuka kasi ya sauti tarehe 28 Januari 2025. Huko mbinu ya kuepuka kishindo ni nyingine: kuruka juu kidogo tu ya Mach 1, ili hewa ya joto ya chini iyapinde mawimbi yarudi juu kabla ya kugusa ardhi. Inategemea hali ya hewa ya siku hiyo, na mwendo una kikomo.

Kelele za kupaa ni kesi tofauti. Mgongo unaziba vizuri mlio mkali wa feni unaotoka mdomoni. Ngurumo ya nyuma huzaliwa pale moshi unapochanganyika na hewa, umbali wa vipenyo kadhaa vya bomba baada ya kutoka, na bodi fupi haifiki huko. Kwa ngurumo hiyo, kinachosaidia zaidi ni kupunguza kasi ya moshi wenyewe, na hilo linadai injini pana zaidi, yaani nundu kubwa zaidi ya kuificha mgongoni.