Daftari la Ami

Msimu wa karafuu, Wete, Pemba. Ami yangu alikuwa na miezi miwili tangu apatwe na kiharusi, na neno lililombakia lilikuwa moja: "kesho". Maji, kesho. Njaa, kesho. Waliokuja kumjulia hali wakanong'ona kuwa akili imeondoka. Haikuondoka. Afasia, yaani kupotewa na lugha baada ya ubongo kuumia, huziba njia ya maneno. Mwenyewe yumo ndani, anajua analotaka.

Tulimtengenezea ubao, tukakosea. Picha 20 ndogo na herufi zote juu ya kipande kimoja cha boksi, kikawekwa kulia kwake. Kiharusi kilimpiga ubongo upande wa kushoto, ambako kwa watu wengi ndiko lugha iliko. Mkono wa kulia umelegea, na vilivyokaa kulia havioni vizuri. Herufi nazo hazikumfaa kitu, maana afasia hugusa kusoma na kuandika pia.

Tukaanza upya na daftari kubwa: picha 4 kwa ukurasa, zilizopigwa pale pale nyumbani, na neno moja nene chini ya kila picha. Ukurasa wa nambari. Na ukurasa wa NDIYO, SIYO na KINGINE. Hiyo KINGINE wengi huisahau, mgonjwa akabaki kuchagua katika makosa yetu.

Alasiri moja akawa anahangaika. Tukazima redio, watoto wakatolewa nje, daftari likawekwa kushoto kwake.

"Shikamoo Ami. Kuna jambo?"

Kidole kikaenda kwenye picha ya jamvi la karafuu.

"Mvua? Tuanue?"

Akaitikia kwa kichwa. "Kesho."

Nusura tukimbilie uani. Lakini kichwa chake hakikuwa cha kutegemea. Wenye afasia wengi huitikia ndiyo wakikusudia siyo. Tukamfungulia ukurasa ule. SIYO. Kisha KINGINE.

Tukachora mkarafuu, pakacha, na mtu juu ya mti. Akampiga mtu kidole. Tukaandika WACHUMAJI, karatasi ikabaki mbele yake. Kila swali tulihesabu kimya hadi 10 kabla ya kuongeza jengine. Ukiharakisha, unamkata njiani. Akagusa 3.

"Wachumaji watatu?" SIYO.

"Pishi tatu?" NDIYO.

"Tumeshazilipa?" SIYO.

Tukaligeuza swali, kuhakikisha: "Tunadaiwa pishi tatu?" NDIYO, mara mbili, kwa nguvu.

Mtoto akatumwa kwenda kumwita mchumaji. Ami akafunua kurasa kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka akalifikia birika la chai.