Nilivyokata karatasi ya chekapu nikabaki na vipimo vitatu

Nina miaka 47 na kazi yangu ni ya maabara, hapa Nairobi. Chama chetu kilipoletewa karatasi ya "chekapu ya mwili mzima pamoja na saratani", niliipitia mstari kwa mstari nikiwa na kalamu. Mingi niliikata.

Hemogramu huhesabu chembe za damu, basi. Saratani ya damu inaweza kujitokeza hapo, lakini uvimbe mchanga wa titi hauonekani kamwe. Ina faida moja ambayo wengi huiruka: damu ikipungua kwa kukosa madini ya chuma, na mwenyewe ni mwanamume au mama aliyekoma hedhi, vidonge peke yake havitoshi. Lazima itafutwe inakovujia, na mara nyingi ni tumboni au kwenye utumbo. Sukari, figo na kolesteroli nilivibakiza, ila si kwa ajili ya saratani.

Eksirei ya kifua nikaikata. Uvimbe mdogo hujificha nyuma ya moyo na mifupa, na kuipiga kila mwaka hakujapunguza vifo vya saratani ya mapafu. Anayefaidika na uchunguzi ni mvutaji wa miaka mingi aliyepita 50, naye hupigwa CT, picha ya kompyuta, ya mionzi kidogo.

Mstari ulionikera zaidi ni "alama za saratani", protini zinazopimwa kwenye damu: CEA, CA-125, AFP. Hizi hasa ni za kumfuatilia mgonjwa ambaye tayari anajulikana. CEA hupanda kwa mvuta sigara. CA-125 hupanda wakati wa hedhi, ujauzito, fibroidi, hata kifua kikuu cha tumbo. Uingereza walianza mwaka 2001 kuwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo ya 2021 yakaonyesha kuwa kuwapima CA-125 hakukupunguza vifo vya saratani ya ovari. Piga hesabu: tuseme katika wanawake 1,000 mmoja ndiye mgonjwa, na kipimo huwasingizia wazima 5 katika kila 100. Utawaita watu kama 51 warudi, na 50 kati yao hawana kitu. Hofu hiyo ndiyo inayouzwa.

Kwa saratani nikabaki na vitatu.

Cha mlango wa kizazi ni cha HPV, virusi vinavyoleta saratani ya hapo. Unaweza kujichukulia sampuli mwenyewe: ingiza kijiti ukeni, kizungushe, kirudishe kwenye chupa yake. Kisipoonyesha virusi, kurudia ni baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na HIV huanza akiwa na 25 na kurudia kila miaka 3 hadi 5. Kupatikana na virusi si kupatikana na saratani, kwani safari hiyo kwa kawaida huchukua zaidi ya miaka 10. Palipo na kipimo cha siki, siki ya asilimia 3 hadi 5 hupakwa na mhudumu husubiri dakika nzima kabla ya kutafuta doa jeupe. Akitazama upesi, doa litampita. Kwa aliyekoma hedhi siki haifai sana, maana sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imerudi ndani.

Cha pili ni mamografia, yaani eksirei ya titi, kuanzia 40. Nilipanga iwe wiki moja baada ya hedhi, titi likiwa halina maumivu. Siku hiyo hakuna poda wala diodoranti: chembe zake hung'aa kwenye picha zikafanana na vijiwe vya chokaa ambavyo daktari anavitafuta. Beba picha za zamani, kwa sababu mabadiliko ndiyo yanayosema. Na ile bahasha kubwa usiisahau kwenye matatu.

Cha tatu ni cha choo, kipimo cha FIT kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, kila mwaka kuanzia 45. Choo kisiguse maji ya msala. Choma kijiti sehemu kadhaa kisha ukirudishe kwenye chupa. Usijaze, choo kingi huharibu kipimo. Ukiwa kwenye hedhi, ngoja. Kosa ninaloliona sana maabara: kipimo kinaonyesha damu, mtu anakirudia, cha pili kinakuwa safi, anaenda nyumbani. Uvimbe hauvuji kila siku. Damu ikionekana mara moja, kinachofuata ni kolonoskopi, kamera ya utumbo mpana, ambayo pia hukata vinyama kabla havijageuka saratani.

Kwa mzee wangu nilibakiza PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, baada ya yeye kuzungumza na daktari. Siku mbili kabla, hakuna baiskeli wala tendo la ndoa. Akiwa ametibiwa maambukizi ya mkojo, asubiri wiki sita. Anayemeza finasteride, dawa ya tezi iliyokua, amwambie daktari, kwani dawa hiyo huishusha PSA karibu nusu. Ikipanda, wengi huwa ni tezi kubwa tu, kwa hiyo hurudiwa kabla ya mtu kuchomwa sindano ya kuchukua kinyama.

Saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, iliyo nyingi hapa Kenya, haina kipimo cha damu cha kuikamata mapema. Ugali ukianza kukwama kifuani, usingoje chekapu ya mwaka ujao. Omba kamera ya tumbo wiki hiyo hiyo.