Bibi Alipomuulizia Fred

Nyumbani kwetu Wete, Jumamosi asubuhi haikuwa saa ya katuni bali saa ya chuoni, na mtoto aliyeonekana barazani wakati wenziwe wamekwisha kufungua juzuu alijua kinachomngoja. Kwa hiyo katuni ambazo watoto wa Marekani walitengenezewa wazitazame asubuhi hiyo, sisi tulizitazama baada ya sala ya Isha, kwa deki ya video na kaseti alizotuletea mjomba kutoka Muscat, iwapo umeme ulikuwepo. Tulizitazama pamoja na wakubwa, kwa sababu televisheni ilikuwa moja na ukumbi ulikuwa mmoja. Tofauti hiyo ya saa ndiyo iliyonifanya nielewe, miaka mingi baadaye, kwa nini The Pebbles and Bamm-Bamm Show haikuufikia utamu wa katuni iliyoizaa.

Katuni mama, The Flintstones, iliyohusu familia ya zama za mawe, ilianza kuonyeshwa na kituo cha ABC tarehe 30 Septemba 1960, nayo ilipangiwa usiku wa Ijumaa, saa ambayo baba na mama wamekwisha kurudi kutoka kazini. Hadi ilipomalizika mwaka 1966 ilikuwa imefikisha vipindi 166. Ilikusudiwa watu wazima kiasi kwamba mwanzoni mmoja wa wafadhili wake alikuwa kampuni ya sigara za Winston, na Fred, baba wa familia hiyo, na jirani yake Barney wenyewe walionekana wakizivuta katika matangazo. Mambo yake yalikuwa ya watu wazima pia: Fred anafanya kazi kwenye machimbo ya mawe chini ya bosi mkali, anamficha mkewe Wilma jambo asilopaswa kumficha, kisha uongo unamrudia mwenyewe. Bibi yangu hakujua Kiingereza hata neno, lakini hakuhitaji mkalimani. Kila kipindi kilipomalizika na Fred akatolewa nje na paka wake, akabaki kuugonga mlango na kumwita Wilma, bibi alicheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akasema: "Maskini, hata mlango wake mwenyewe unamshinda."

Pebbles, binti wa Fred na Wilma, alizaliwa katika kipindi cha mwaka 1963. Mwaka huohuo Barney na mkewe Betty, ambao hawakujaaliwa mtoto, walimkuta Bamm-Bamm mlangoni mwao wakamlea, jambo ambalo kwetu halikuhitaji maelezo, kwani ni nyumba gani ya Pemba isiyo na mtoto wa kulea? Tarehe 11 Septemba 1971 kituo cha CBS kikaanza kuwaonyesha wawili hao, safari hii Jumamosi asubuhi, wakiwa vijana wa skuli. Mwenye kupiga hesabu ataona kwamba binti huyo alistahili kuwa na miaka minane tu, lakini katuni ilikwisha kumfanya kigori.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu yake. Kampuni ya Hanna-Barbera, iliyotengeneza katuni hizi, ilikuwa imetoka kuanzisha Scooby-Doo mwaka 1969 na Josie and the Pussycats mwaka 1970, na zote mbili zilihusu kundi la vijana wanaohangaika bila wazazi. Pebbles na Bamm-Bamm walivishwa nguo ileile. Sauti zao zilitolewa na Sally Struthers na Jay North, na sioni kasoro kwao. Hata wazo la msingi lilikuwa zuri, kwani Pebbles alirithi hulka ya babake ya kubuni mipango isiyo na kichwa wala miguu, na Bamm-Bamm, pamoja na nguvu zake zote, alimfuata kwa upole uleule ambao Barney alimfuata Fred.

Hata hivyo, kosa la Fred lilikuwa na gharama, kwa sababu angeweza kufukuzwa kazi na alikuwa na mke wa kumkabili usiku, ilhali Pebbles alipoharibu mambo aliwaudhi rafiki zake tu, nao walikuwa wamekwisha kumsamehe kabla ya kipindi kijacho. Wazazi walipowekwa pembeni, kilichoondoka pamoja nao ni ule ugomvi wa ndani ya nyumba ambao ndio uliokuwa ukimchekesha mtu. Vilitengenezwa vipindi 16 tu, na mwaka uliofuata vijana hao wakaingizwa katika kipindi kirefu zaidi kilichobeba jina la Flintstone.

Nakumbuka usiku tulipoiweka kaseti hiyo kwa mara ya kwanza. Sisi watoto tuliifurahia kwa rangi zake na muziki wake, lakini bibi alitazama kwa muda akiwa kimya, kisha akauliza: "Na yule baba mtu yuko wapi?" Tukamwambia asubiri. Fred alipoingia, akapiga kelele kidogo kama kawaida yake, bibi akacheka kwa sauti. Alipotoka, bibi aliichukua tasbihi yake mkekani akaendelea na nyiradi.