Mombasa kwa Pensheni ya Dar: Muhuri, Maji na Kodi ya Mwezi Mmoja

Mazungumzo ya kwenda kustaafia nje yamezagaa kwenye vijiwe vya wastaafu wa Dar, na kila mara huanza na kodi ya nyumba yakaishia kwenye bei ya samaki. Karatasi hazitajwi. Mimi nilianzia kwenye karatasi kabla ya kukata tiketi ya Mombasa, na nilichokuta humo kilinishangaza kuliko chochote nilichokuja kukiona barabarani.

Thailand humpa mgeni mwenye miaka 50 na kuendelea ruhusa ya kuishi kama mstaafu akionyesha baht 800,000 benki, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, ambazo ni milioni 5 hivi za kwetu. Malaysia ilibadili masharti mwaka 2024, na daraja lake la Silver linadai amana ya dola 150,000. Panama inaridhika na pensheni ya dola 1,000 kwa mwezi. Sasa njoo Kenya, jirani tunayemvukia na begi la mkononi. Kibali cha daraja K, ambacho ndicho cha mkaazi asiyefanya kazi, kinataka umri usiopungua miaka 35 na kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka kutoka nje ya nchi hiyo. Gawanya kwa 12, unapata dola 2,000 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, Mombasa inamdai mstaafu wa Temeke karibu sawa na Chiang Mai ya Thailand, na mara mbili ya Panama.

Hapo ndipo mtu husema, “Lakini sisi ni wa Afrika Mashariki.” Ni kweli. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kazi Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia na kutembea hadi miezi sita bila viza. Ila ukisoma kifungu cha 14, haki ya ukaazi imefungwa kwa aliyeingia kama mfanyakazi au mtu aliyejiajiri, pamoja na familia yake. Mzee anayetaka tu kukaa barazani akila pensheni yake hayumo. Ardhi nayo, kifungu cha 15 kimeiachia kila nchi na sheria zake.

Basi nililopanda liliahidi kiyoyozi kwenye tiketi. Kiyoyozi kilikuwa dirisha, na dirisha lenyewe lilikwama nusu. Siti zimebanwa kiasi kwamba mtu mwenye magoti mabovu anafika Segera ameshajuta. Anayekwenda kupima mji wa uzeeni ajipime na safari yenyewe, kwa sababu kila harusi na kila msiba wa nyumbani utamrudisha kwenye barabara hii. Muheza tulinunua machungwa. Nayakumbuka kwa sababu niliyakuta tena Mombasa, sokoni, bei imepanda.

Horohoro, mpakani upande wetu, inahitaji maandalizi yanayoanza Dar. Pasipoti ni shilingi 150,000, na asiyeitaka kwa sasa anaweza kuomba hati ya dharura ya safari. Kadi ya homa ya manjano huulizwa zaidi wakati wa kurudi, maana Kenya ni nchi yenye ugonjwa huo. Chanjo inahesabiwa kuwa imeanza kazi baada ya siku 10, na tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha yote, hata kama imeandikwa miaka 10. Mwenye zaidi ya miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa asiende tu kunyoosha mkono. Katika umri huo madhara makubwa ya chanjo hii, ingawa ni nadra, huongezeka. Daktari apime kwanza, na akiona haifai atoe cheti cha msamaha.

Kituo chenyewe ni cha pamoja: anayekwenda Kenya humaliza pande zote mbili katika jengo la Lunga Lunga upande wa Kenya, anayerudi humaliza Horohoro. Wakati wa kugongewa muhuri, taja unataka siku ngapi, kisha soma kilichoandikwa kabla hujaondoka dirishani. Haki ya miezi sita ipo, lakini inayokulinda ni tarehe iliyogongwa. Wapo wanaopanga kutoka na kuingia kila muda unapokwisha. Hao wanaishi kwa hisani ya ofisa wa zamu, na hisani haiwekwi kwenye mkataba wa nyumba.

Wabadilisha fedha wa pale nje wana mchezo wa zamani: wanakuhesabia noti, unazihesabu, wanasema kuna moja imepungua, wanazichukua “kurekebisha”, zinarudi zimekunjwa na zimepungua kweli. Ukishapokea na kuhesabu, fungu lisirudi mkononi mwake, hata akilalamika. Siku ile shilingi moja ya Kenya ilikuwa karibu 20 za kwetu, na hesabu zote za hapa chini nimetumia hiyo.

Siku za mwanzo Mombasa nazipita, zilikuwa za kupanda tuktuk na kuona nyumba zisizofaa. Nyumba ya Bamburi, mtaa wa pwani kaskazini mwa kisiwa, ndiyo iliyonifundisha mji.

Ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili, 28,000 za Kenya kwa mwezi, yaani 560,000 za kwetu, upepo wa bahari unaingia jikoni hadi sebuleni. Dalali, kijana mwenye adabu na viatu safi, alifungua bomba la sinki kabla sijauliza. “Maji hapa si shida, mamangu. Masaa ishirini na nne.” Na kweli yalitoka kwa nguvu. Nikaomba kipande cha sabuni ya mche. Nikasugua, nikasugua tena. Povu halikuja, mikono ikabaki na utando wa ajabu. Bafuni kichwa cha bomba la mvua kilikuwa kimeota ukoko mweupe, nusu ya matundu yameziba. Yalikuwa maji ya kisima.

Nikamwacha dalali akiongea na simu, nikashuka kwa mzee anayetunza jengo. Yeye hakuwa na la kuuza. “Ya kaunti yaja mara mbili kwa wiki, usiku. Wiki nyengine hayaji kabisa,” akasema. “Hayo ya juu ni ya kuogea na choo. Ya kunywa hununua.” Akanionyesha paa: matangi mawili, mabomba yanayoungana kabla ya kuingia kwenye nyumba. Kwa hiyo hata maji matamu yanapofika, yanachanganyika na ya chumvi humo humo.

Sababu si uvivu wa mtu mmoja. Kisiwa na pwani yake vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na visima vikivutwa sana bahari huingia chini kwa chini. Maji matamu ya Mombasa hutoka mbali: Mzima Springs kule Tsavo, kwa bomba la kilomita 220 hivi, na Baricho upande wa Malindi, na Marere na Tiwi upande wa kusini. Mji umekua, mabomba hayajakua nao. Mtu wa Dar mwenye kisima cha chumvi uani hana haja ya kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo bei ya nyumba ile haikuwa 28,000. Mtungi wa lita 20 uliuzwa 30 chini, 50 ukipandishwa hadi ghorofa ya tatu. Watu wawili wanaopika nyumbani, kunywa na kusuuzia vyombo, ni mitungi minne kwa siku. Hiyo ni 200 kwa siku, 6,000 kwa mwezi, laki na ishirini za kwetu. Hita ya maji itakufa mapema, kwa sababu chumvi na chokaa hula chuma chake cha ndani. Nguo nyeupe zitageuka kijivu. Na mwenye shinikizo la damu, ambaye ni karibu kila mmoja wetu, hana ruhusa ya kupikia maji hayo hata siku ambayo mkokoteni wa mitungi haukupita. Unapokwenda kuona nyumba, chukua kipande cha sabuni mfukoni, onja bomba la jikoni, omba bili ya maji ya mwezi uliopita, kisha muulize jirani wa mlango wa pili ananunua mitungi mingapi. Dalali akikasirika, umeshajibiwa.

Alichonipeleka kuona dalali yule baada ya hapo kilikuwa hatari zaidi: nyumba ya Kiswahili ya kununua, bei ya kushangaza kwa uzuri wake. Ikaja kujulikana kwamba inauzwa nyumba bila ardhi. Mtindo huu ni wa miaka mingi Mombasa. Kuta ni zako, kiwanja ni cha mtu mwingine unayemlipa kodi ya ardhi, na akikiuza unabaki na mabati na mbao. Hata ardhi ikiwepo, katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inamzuia asiye raia kumiliki zaidi ya upangaji wa miaka 99. Mstaafu apange, asinunue.

Na kupanga ndiko kulikonifurahisha. Kwetu Dar mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mzima mkononi, na dalali juu yake anadai kodi ya mwezi mmoja. Mtwapa, mji mdogo kaskazini mwa Mombasa, nilionyeshwa vyumba viwili kwa 18,000: unalipa mwezi mmoja, unaweka amana ya mwezi mmoja, unaingia. Mtwapa maji ni yale yale ya kununua, ila nyumba ilikuwa chini na mtungi haukupanda ngazi. Jumla unayotoa siku ya kwanza ni 36,000, yaani 720,000 za kwetu. Kwa pesa hiyo Sinza unafunguliwa geti uangalie. Sasa fikiria mwenye nyumba yake Dar: anapokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo kutoka kwa mpangaji wake, halafu analipa mwezi kwa mwezi Mtwapa. Pengo hilo la desturi mbili lina faida kuliko tofauti yoyote ya bei ya vyakula. Vyakula vyenyewe havimwokoi mtu. Mchele wa Tanzania uko madukani Mombasa kwa bei ya juu kuliko Dar, vitunguu hivyo hivyo. Umeme unapita shilingi 20 za Kenya kwa uniti. Kiyoyozi cha kawaida kinachokula uniti moja hivi kwa saa, kikiwaka kwa muda wa saa nane kila usiku, kinafika laki moja ya kwetu kwa mwezi au zaidi. Tumia feni.

Nilipita hospitali nikiuliza maswali ya mzee: kitengo cha figo, daktari wa moyo, nani yupo Jumapili. Huduma zipo, Coast General ya umma na Aga Khan ya binafsi. Tatizo ni nani analipa. Mstaafu aliyechangia NHIF, mfuko wetu wa taifa wa bima ya afya, na kutimiza masharti yake anaendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake bila kukatwa tena, na haki hiyo inaishia Horohoro. Bima binafsi huweka kikomo cha umri kwa mteja mpya, na magonjwa uliyoingia nayo hupewa kipindi cha kusubiri. Ukiweka kadi ya NHIF upande mmoja wa mizani na upepo wa Bamburi upande wa pili, kwangu kadi inashinda. Lipo na jambo ambalo madalali hawaligusi: kurudisha maiti kuvuka mpaka kunataka cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhi mwili na kibali cha kusafirisha. Familia iwe imeelezwa mapema maziko yatakuwa wapi.

Ninachokipendekeza kwa wenzangu ni nusu mwaka, si kuhama. Miezi iliyogongwa kwenye pasipoti, nyumba ya Mtwapa ya kulipa kwa mwezi, nyumba ya Dar isiuzwe, matibabu makubwa yapangwe ya kurudi, na uhakiki wa pensheni ufanywe kabla ya kuondoka. Mkataba useme notisi ni mwezi mmoja. Na useme wazi nani anapaka rangi siku ya kuondoka, kwa sababu amana nyingi Mombasa huishia kwenye ndoo ya rangi ambayo mpangaji hajawahi kuiona. Piga picha kila ukuta siku unayopewa ufunguo, mbele ya mtunza jengo, na umtumie mwenye nyumba picha hizo siku ile ile.