Naishi na farasi, punda, mbuzi na kondoo bila zizi, hivi ndo tunavyoelewana

Kila mgeni swali lake la kwanza ni "hawapigi teke hawa?" na mi jibu langu ni lilelile, farasi akiwa na pa kuondokea hana haja ya kukupiga. Teke linakuja ukimbana. Kwa hiyo kila ninachofanya hapa kimeanzia hapo, mnyama yeyote lazima awe na njia ya kunikimbia wakati wowote, hata kama hataitumia.

Hapa hakuna wa kufungiwa, farasi, punda, mbuzi, kondoo, kuku, wote wanazurura wanakotaka na mimi ndo nawazunguka. Wameshajitengenezea vijia vyao, kutoka kwenye maji kwenda malishoni mpaka kivulini, na ukiacha ndoo au baiskeli katikati ya kijia utaikuta imekunjwa na hakuna wa kumlaumu. Pia sipiti kati ya jike na mtoto wake, hata kama njia fupi ndo hiyo.

Kuhusu kumsogelea, macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu duara zima, kama nyuzi 350 hivi, ila haoni mbele kabisa ya paji lake na hapo chini ya pua, na haoni nyuma ya mkia. Sasa angalia binadamu anavyokuja, mkono mbele moja kwa moja kwenye uso, ama anatokea kwa nyuma kimyakimya! Mi natokea ubavuni nikilenga bega, huku naongea chochote tu, hata kama ni kujikumbusha kazi za kesho, ili ajue niko wapi. Nikikaribia nasimama, nasubiri. Akigeuzia sikio kwangu na kichwa kikashuka kidogo, nimekaribishwa. Akiinua kichwa akakakamaa, au akaanza kusogea pembeni, nageuka naenda zangu bila kinyongo. Masikio yakilala nyuma yakagandana na shingo hapo umeshafukuzwa, usikae kujadili.

Kuna jike mmoja mzee wa kijivu huwa anakuja mwenyewe, anasimama ananipa bega. Namkuna pale shingo inapoungana na mgongo, kwa kucha na kwa nguvu, maana kumpapasa juujuu anakuona kama nzi. Baada ya muda mdomo wa juu unaanza kurefuka na kutetemeka, macho yanafumba nusu, kucha zangu zinajaa vumbi na nywele. Wenyewe kwa wenyewe hukunana hapohapo kwa meno, na kuna utafiti wa farasi wa Camargue kule Ufaransa, ulichapishwa 1993, ulionyesha kwamba ukimkuna sehemu hiyo mapigo ya moyo yanapungua. Nikishakuna kidogo naacha makusudi, akinisukuma na pua naendelea, akiondoka ndo imeisha. Ila kaa chonjo asije akakurudishia fadhila kwa meno, yule haoni tofauti ya bega lako na la mwenzake.

Chakula ndo penye kesi nyingi. Simlishi yeyote mkononi wakiwa kundi, wala sitembei na kitu mfukoni, kwa sababu mmoja akijua una kitu wote wanajua, halafu wanaanza kufukuzana na wewe uko katikati. Nyasi kavu naweka mafungu mengi kuliko idadi ya farasi, tena mbalimbali, ili mbabe akimfukuza mnyonge, mnyonge apate fungu lingine bila kupigana. Na wageni ndo wananichosha na mabaki yao ya jikoni, yani mtu anaona anafanya wema. Farasi ana tumbo dogo kwa mwili wake, ameumbwa kula kidogokidogo, akiwa huru anaweza kula mpaka masaa 16 kwa siku, na hawezi kutapika. Kikiingia kimeingia. Hata nyasi zilizofyekwa zikarundikwa zikaanza kupata joto zinaweza kumsokota tumbo mpaka afe, sasa we unamletea mkate wa jana.

Wakichanganyika aina nyingi ndo unatakiwa uwe makini zaidi. Vyakula vingine vya ng'ombe na kuku vinatiwa dawa inaitwa monensini, wao haiwadhuru kwa kiwango chao lakini farasi inamuua hata akila kidogo. Madini ya farasi nayo yana shaba ambayo kondoo hawaivumilii, inawajaa kwenye ini. Mbuzi akifungua stoo ya nafaka ndo balaa, anakula mpaka tumbo linaumuka. Kwa hiyo stoo yangu ina kufuli na komeo, komeo peke yake mbuzi analichezea kwa midomo mpaka linaachia, na wanyama wadogo wanakula ndani ya kibanda chenye mlango mwembamba ambao farasi hapiti.

Lakini faida zipo. Minyoo mingi ya farasi haiwezi kuishi kwa kondoo, kondoo akiimeza malishoni imekufa, kwa hiyo kulisha pamoja kunasaidia (mbuzi na kondoo ndo wanagawana minyoo yao, hao usiwategemee kusafishana). Kuku nao wanachambua mavi ya farasi wakitafuta funza, na nzi wanapungua.

Usingizi nao nauheshimu sana. Farasi anasinzia kasimama, ila ule usingizi mzito mpaka alale chini, na halali chini kama hajisikii salama. Wakilala utaona mmoja kabaki kasimama analinda zamu. Nikiwakuta hivyo nazunguka mbali kabisa, na kazi za kelele zinasubiri.

Mgeni akija na mbwa namwambia amuache nje ya geti. Wanadhani ni kwa ajili ya farasi, hapana, farasi atakimbia tu. Punda ndo hakimbii, anashusha kichwa anamfuata mbwa mpaka amfikie, na akimfikia anauma na kukanyaga, na mi siwezi kumzuia.