Trela yetu ya kutisha, na babu wa kahawa alotuokoa

Mie filamu sijasomea, nipo chuo tu hapa Unguja, kundi letu likapewa kazi ya trela (kionjo cha filamu) ya thrila, yani filamu ya kutia hofu, ya dakika moja na kamera yenyewe ndo simu yangu. Usiku wa kwanza tukaingia vichochoro vya Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe, na kila kitu, kisu, damu ya rangi ya chakula, msichana anakimbia anapiga makelele mpaka bibi mmoja akafungua dirisha la juu kutuuliza nani kafa (sheha tulimpa taarifa, majirani tukawasahau). Tulivokuja kuangalia, vichekesho vitupu! Na kila penye taa ya tyubu kuna mistari myeusi inapanda na kushuka. Kumbe simu inarikodi fremu 30 kwa sekunde na umeme wetu ni hezi 50, yani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa inapepesa nao, haviendani. Nikaweka fremu 25 na shata (muda kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, mistari ikapotea. Siku mbili zimenipotea kwa hilo.

Sasa kutisha ndo kazi. Tukarudi bila kisu, mara hii ilipoadhiniwa magharibi tu, mbingu bado ina ubuluu, maana huku kwetu mwanga ule haukai, ukizubaa robo saa umeukosa. Simu nikaiweka chini kabisa kwenye baraza, haitikisiki, simu ya pili tukaivisha soksi kwa ajili ya upepo, hiyo ya sauti. Msichana kavaa buibui, anatembea taratibu, katupa mgongo. Basi.

Mara nyuma ya kona, kling kling, kling kling. Muuza kahawa anagonga vikombe vyake. Mwenzangu anataka kwenda kumnyamazisha nikamshika mkono. Msichana akasimama, wala haigizi, anangoja tukate, akageuza shingo kidogo. Sauti inazidi kuja na mtu haonekani... malaika yakanisimama.

Nikamkimbilia.

"Shikamoo babu, tunaomba upite tena, ila usitokee kwenye kona."

"Marahaba. Nipite nisitokee? Sasa kahawa atanunua nani?"

Tukanunua sisi, vikombe sita, akapita mara nne.

Kwenye kuhariri muziki nimeutoa wote. Vikombe vinakaribia, vinakaribia, halafu vinakatika ghafla, sekunde mbili kimya, giza. Darasani hakupiga kelele mtu, ila kijana mmoja nyuma nilimsikia anauliza kwa sauti ya chini, "Sasa kasimama wapi?"