Tulipopasua mpira

Kazi yetu ya kwanza ilirudi imejaa miduara ya kalamu nyekundu. Mwalimu hakuandika maelezo marefu. Alizungushia vitenzi tu: huzalishwa, huuzwa, yameunganishwa, imeondolewa. Pembeni ya ukurasa wa kwanza aliacha neno moja: “Nani?”

Tulikasirika. Kurasa kumi na mbili zile, tena jalada lina picha ya dunia iliyozungukwa na mishale! Tulikuwa watano katika kundi, tumepewa wiki sita za mradi kuhusu utandawazi, na mimi ndiye niliyekuwa katibu. Kazi ya ukatibu niliifanya hivi: nilikaa mbele ya kompyuta, nikaokota sentensi huku na huko, kisha nikazibadilisha maneno mawili matatu zisitambulike. “Dunia imekuwa kijiji” niliikuta kila nilipogusa. Baadaye niligundua nimeiweka mara tatu.

Nikatumwa kwenda kuuliza tumekosea wapi.

“Hamjakosea,” Mwalimu akasema. “Ila kila sentensi yenu imejificha nyuma ya kauli ya kutendwa. Bidhaa huzalishwa. Haya, nani anazizalisha? Mipaka imeondolewa. Kaiondoa nani, na kamwondolea nani? Tafuteni kitu kimoja mnachoweza kukishika mkononi, mje mniambie nani kakifanya.”

Tulibishana siku mbili nzima kuhusu kitu chenyewe. Wengi walitaka simu, mpaka tulipofika mahali pa kuuliza ni simu ya nani itakayofunguliwa. Kimya. Ndipo mwenzetu mmoja, mchezaji, akakumbuka kwamba kwenye stoo ya michezo kuna mpira wa miguu uliopasuka siku nyingi, unasubiri kutupwa. Tukauomba, tukapewa bila hata kuulizwa tunakwenda kuufanyia nini.

Ulikuwa mpira wa kawaida, ule wa vipande vyeupe na vyeusi, umechubuka hadi weupe umekuwa kijivu. Karibu na valvu palikuwa na maandishi yaliyofifia. Tuliyasoma kwa kuinamisha mpira kwenye mwanga: umetengenezwa Pakistani, umeshonwa kwa mkono. Nikacheka peke yangu. Hata mpira nao umejificha kwenye kauli ya kutendwa. Umeshonwa kwa mkono, sawa, mkono wa nani?

Tuliupasua kwa kiwembe mezani. Kwa nje ni ngozi ya bandia, nyembamba kuliko nilivyodhani. Chini yake kuna tabaka tatu za kitambaa zilizogandishwa kwa gundi, nazo ndizo zinazoufanya mpira usitanuke na kupoteza umbo. Ndani kabisa kuna blada, ule mfuko unaoshika upepo, imenywea kama zabibu kavu. Lakini kilichonishika ni mishono. Kwa nje huioni, unaona mifereji tu kati ya kipande na kipande. Ukiugeuza ndani nje, uzi mnene uliopakwa nta unapita kila ukingo, umebana, na nafasi kati ya tundu na tundu ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu alikaa na kitu hiki mapajani, na mtu huyo alikuwa hodari.

Tukaanza kuhesabu. Mpira wa namna hiyo una vipande 32: pembetano 12 nyeusi na pembesita 20 nyeupe. Pembetano 12 zina kingo 60, pembesita 20 zina kingo 120, jumla 180. Kila mshono unakutanisha kingo mbili, kwa hiyo mishono mirefu ni 90. Katika kila mmoja tulihesabu uzi ukipita mara saba, mara chache nane. Zaidi ya mara 600 basi, sindano imechoma, ikatoka, uzi ukavutwa. Sikuwahi kuipenda hesabu kama siku ile.

Mwalimu aliposikia akatuambia tusiishie kuhesabu, tushone. Tukatafuta sindano nene za kushonea viatu na uzi, tukachukua vipande viwili tulivyovifumua. Mshono wenyewe una ufundi wake. Uzi ni mmoja lakini una sindano mbili, moja kila ncha. Sindano zote mbili zinapita kwenye tundu lilelile, kila moja ikitoka upande wake, kisha unavuta mikono yote miwili kwa mpigo. Ukivuta kwa ulegevu, upepo utaupanua mshono. Ukivuta kwa nguvu bila mpango, kitambaa kinachanika. Nilijichoma vidole mara mbili, na uzi wenye nta ulinikata kwenye kiungo cha kidole kidogo. Mshono mmoja, wa mapito saba, ulituchukua dakika 40, nao ulitoka umepinda kama njia ya ng’ombe.

Mara 90, hiyo ni saa 60 kwa mpira mmoja. Mshonaji mzoefu humaliza mipira mitatu au zaidi kwa siku, na analipwa kwa mpira, si kwa saa.

Kuanzia hapo kusoma kulibadilika. Sikuwa tena natafuta “maana ya utandawazi”, nilikuwa namtafuta mtu. Nyayo zilinipeleka Sialkot, mji wa Pakistani ulio kaskazini mwa jimbo la Punjab, karibu na Kashmir. Sehemu kubwa ya mipira inayoshonwa kwa mkono duniani hutoka huko. Ajabu yake ni kwamba mji huo uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Karachi. Wafanyabiashara wa hapo walichoka kungoja, wakachanga fedha zao wakajenga uwanja wa ndege wa kimataifa, ukaanza kazi mwaka 2007. Na mpira wa miguu si hata mchezo unaopendwa zaidi nchini mwao, wao ni watu wa kriketi. Timu yao ya taifa haijawahi kufika fainali za Kombe la Dunia, ila mpira uliochezewa fainali za mwaka 2014 kule Brazili ulitoka Sialkot.

Nilitamani habari iishie hapo, maana ingekuwa habari tamu. Lakini katika miaka ya 1990 picha za watoto wa Pakistani wakishona mipira zilienea katika nchi ambako mipira hiyo inanunuliwa, na watu wakachachamaa. Februari 1997, katika mji wa Atlanta nchini Marekani, Shirika la Kazi Duniani, UNICEF na chama cha wafanyabiashara wa Sialkot walitia saini makubaliano ya kuwaondoa watoto walio chini ya miaka 14 katika ushonaji. Ili wakaguzi waweze kuona nani anashona, kazi ilitolewa majumbani ikapelekwa kwenye vituo maalumu.

Niliandika aya hiyo kwa furaha. Hatimaye nina watu, tarehe, na mwisho mwema. Mwenzetu mmoja, msichana asiyesema sana, akaisoma akaniuliza: “Na mama zao?”

Sikuelewa. Akanionyesha alichokuwa amesoma. Kazi ilipokuwa inafanyika nyumbani, wanawake wengi walikuwa wakishona huku wakiangalia watoto na jiko. Ilipohamia vituoni, wengi wao hawakuweza kwenda, kwa sababu ya umbali, majukumu ya nyumbani, au familia kutokubali mwanamke afanye kazi mbali na kwake. Mapato yao yakakatika. Vituo vya wanawake peke yao vilifunguliwa baadaye, lakini si wote waliofikiwa.

Tuligombana juu ya aya ile wiki nzima. Mmoja wetu alishikilia kwamba mtoto kwenda shule hakuna mjadala, na mimi nilikuwa upande wake, bado niko. Lakini yule msichana hakuwa anatetea watoto kushona. Alikuwa anasema walioamua walikaa mbali, wakaamua kwa nia njema, na aliyelipa gharama hakuwa mezani. Mwishowe tuliziacha hoja zote mbili kwenye ripoti, moja chini ya nyingine, bila kuzipatanisha. Nadhani ndiyo sehemu pekee ya ripoti ile ninayoweza kuisoma leo bila kuona haya.

Sehemu ya blada niliidharau mwanzoni. Mwalimu wa kemia aliivuta, akainusa, akasema ni mpira wa asili, utomvu wa mti. Nikadhani nitamaliza kwa sentensi mbili. Kumbe mti huo asili yake ni misitu ya Amazon. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu zipatazo 70,000 kutoka Brazili hadi bustani ya Kew, London. Zilizoota hazikufika 3,000, lakini zilitosha. Miche ikapelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na baadaye Singapore na Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Siku hizi Thailandi na Indonesia ndizo vinara wa zao hilo, na Brazili, mti ulikozaliwa, imeachwa nyuma sana.

Kabla mashamba ya Asia hayajaanza kutoa mazao ya kutosha, kulikuwa na Kongo. Kuanzia 1885 hadi 1908 nchi ile nzima ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na wanavijiji walipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta kutoka msituni. Walioshindwa waliadhibiwa, na wengi walikatwa mikono. Niliposoma hilo nilifunga kompyuta. Nilikuwa nimeanza na maandishi ya “kwa mkono” kwenye valvu, nikayatania, na sasa sikuona tena cha kuchekesha. Tangu siku hiyo nikisoma kwamba utandawazi ulianza na intaneti, ninajua mwandishi hakupasua kitu chochote.

Kuna jambo moja jepesi tuliloliokota njiani, nalo ni rangi. Mtindo wa pembetano nyeusi kwenye mpira mweupe ulipata umaarufu kwa mpira ulioitwa Telstar, uliotumika katika Kombe la Dunia la 1970 nchini Meksiko. Weusi ule uliwekwa ili mpira uonekane vizuri kwenye televisheni zisizo na rangi. Kwa hiyo mpira wa shule yetu ulikuwa umevaa nguo iliyoshonewa runinga za zamani, na hakuna aliyejua.

Siku ya kuwasilisha, kundi lililotutangulia lilikuwa limechagua meli ya Ever Given, ile iliyokwama katika Mfereji wa Suez Machi 2021 ikaziba njia kwa siku sita. Walichora mchoro mmoja tu ubaoni: mwenye meli Japani, mwendeshaji Taiwani, bendera ya Panama, mabaharia Wahindi, mfereji wa Misri. Darasa likapiga makofi. Niliwaonea wivu, nakiri. Walikuwa na meli ya mita 400 na sisi tulikuwa na mpira uliopasuka.

Basi tukauzungusha darasani, ndani nje, kila mtu ashike mishono. Kisha tukatoa vile vipande viwili na sindano, tukawaomba watu wajaribu. Nilikuwa nimeandaa hotuba lakini haikuhitajika, kwa sababu kwa dakika tano hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Walikuwa wanachomana vidole na kulaumiana. Aliyekuwa amecheka mshono wetu uliopinda alitoa wake umepinda zaidi.

Baadaye mmoja akauliza swali nililoliogopa tangu mwanzo: “Kwa hiyo utandawazi ni mzuri au mbaya?” Nikamwambia nikijibu hivyo nitakuwa nimerudi kwenye ripoti ya kwanza. Aniulize mzuri kwa nani, nitajaribu: kwa wafanyabiashara waliojenga uwanja wa ndege nadhani ndiyo, kwa mama aliyekuwa anashona nyumbani na kituo kiko mbali, sidhani. Hakuridhika. Mwalimu naye hakusema kitu, aliandika tu kwenye karatasi yake.

Alama zilikuwa nzuri, si za juu kabisa. Tulipunguziwa kwa sababu sehemu ya usafirishaji ilikuwa na aya moja, tena nyembamba. Haki yao.

Kitu kimoja sikukipata. Mpira wa kushonwa lazima ufungwe, na mshono wa mwisho hauwezi kushonwa kutokea ndani kama mingine, kwa sababu mkono hauna tena pa kuingilia. Fundi huumalizia kwa nje, kisha anaivuta ncha ya uzi na kuizamisha ndani, ipotee. Wetu tuliupasua kwa pupa, hatukujua mapema, na pengine kiwembe kilipita juu yake. Wiki iliyofuata mpira mwingine, mzima, ulitoka nje ya uwanja ukasimama miguuni mwangu. Niliuokota nikaanza kuugeuza, nikifuata mfereji mmoja baada ya mwingine kwa ukucha, nikitafuta pale ambapo mtu alimalizia. Nilikuwa nimefika kama nusu wachezaji walipoanza kunipigia kelele niwarudishie mpira wao.